Fumo Liyongo, Kiti cha Pate na Swali la Wagala: Mwongozo kwa Darasa la Isiolo

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, ukimwuliza mtahiniwa wa Kidato cha Nne Fumo Liyongo ni nani, aghalabu atakujibu kwa mambo mawili: kwamba alikuwa mtu mwenye nguvu za ajabu, na kwamba aliuawa kwa kudungwa sindano ya shaba kitovuni. Jibu hilo si kosa. Hata hivyo, ni jibu la mtu aliyeshika mwisho wa kisa akauacha mwanzo. Haelezi ni kwa nini aliuawa, ni nani aliyenufaika na kifo chake, wala ni kwa nini watu wa pwani waliendelea kumwimba kwa mamia ya miaka ilhali waliokalia kiti wakati wake hawaimbwi.

Makala haya yanakusudia kukusaidia kulifundisha jambo hilo. Hoja yetu kuu ni kwamba habari ya Liyongo ni habari ya mamlaka. Ni kisa cha mtu wa ukoo wa kitawala asiye na kiti, anayeogopwa na jamaa yake mwenye kiti. Sindano ni chombo tu.

Tumelielekeza somo hili kwa darasa la Isiolo kwa makusudi. Mwanafunzi wa Isiolo huweza kudhani kwamba Lamu na Pate ni mbali naye, na kwamba utendi wa Kiamu ni mali ya watu wengine. Kumbe katika kisa hiki mna watu wanaoitwa "Wagala", na jina hilo ndilo ambalo watu wa pwani zamani waliwaita Waoromo. Waborana wanaoishi Isiolo ni Waoromo, sawa na Waorma wa bonde la Tana. Kwa hiyo, katika darasa lako huenda ameketi mwanafunzi anayekutana na wazee wa kabila lake katika utendi, tena kwa jina ambalo leo ni la dharau. Ukilipita jambo hili kimya, utakuwa umemfundisha kitu ambacho hukukusudia.

Liyongo katika historia

Kwanza mweleze mwanafunzi tofauti kati ya Liyongo wa historia na Liyongo wa fasihi. Fumo ni cheo cha mtawala au mwana wa ukoo wa kitawala katika pwani ya kaskazini. Masimulizi humhusisha Liyongo na Pate, Shaka, Ozi na Ungwana, yaani visiwa vya Lamu pamoja na eneo la mlango wa mto Tana. Karibu na Kipini wenyeji huonyesha mahali wanapoamini kuwa ndipo alipozikwa. Hizi si nchi za kubuni. Magofu ya Ungwana yalichimbwa na mwanaakiolojia James Kirkman katika miaka ya 1950. Aidha, uchimbaji wa Mark Horton katika mji wa Shanga, kisiwani Pate, katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba Waswahili walikuwa na makazi na msikiti hapo tangu karne ya 8.

Kuhusu wakati alioishi, wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaomweka katika karne ya 13 au hata kabla yake. Wapo wanaomshusha hadi karne ya 16 au 17. Habari za wafalme wa Pate, zilizoandikwa kutokana na masimulizi ya wenyeji na kuchapishwa na akina Stigand na Alice Werner kati ya mwaka 1913 na 1915, zinadai kuwa ukoo wa Nabahani kutoka Omani ulianza kutawala Pate mwanzoni mwa karne ya 13. Neville Chittick aliutilia shaka mpangilio huo wa miaka katika makala yake ya mwaka 1969. Mtahiniwa asikariri mwaka mmoja kana kwamba ni yakini. Aseme kwamba tarehe ina ubishi, kisha ataje ushahidi.

Ushahidi mmojawapo ni hao Wagala wenyewe. Waoromo walienea na kulikaribia bonde la Tana na pwani katika karne ya 16 na 17. Basi hapa pana mambo mawili. Ama Liyongo aliishi wakati huo au baada yake, ama aliishi zamani zaidi na sehemu ya Wagala ikaongezwa na wasimulizi wa baadaye waliokuwa wakiishi na majirani hao. Mwanafunzi wa Isiolo akilielewa hili, atakuwa amegundua kwamba historia ya jamii yake ni mojawapo ya vipimo vinavyotumika kukadiria umri wa kisa maarufu cha pwani.

Liyongo katika fasihi

Maandishi yanayotegemewa zaidi ni Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa mwaka 1913 na Muhamadi bin Abubakari Kijumwa wa Lamu. Kijumwa alikuwa mshairi, mwandishi wa hati nzuri, mchongaji na mwanamuziki. Utendi wake una beti zipatazo 232. Kila ubeti una vipande vinne vya mizani minane. Vipande vitatu vya kwanza huwa na kina kimoja, na cha nne hubeba kina kinachotiririka utendi mzima.

Hata hivyo, Kijumwa hakuwa wa kwanza. Edward Steere alikwisha kuchapisha masimulizi ya Liyongo pamoja na ushairi unaohusishwa naye mwaka 1870, kutokana na aliyoyapata Unguja. Fauka ya hayo, kuna nyimbo na tumbuizo nyingi ambazo watu wa pwani husema Liyongo alizitunga mwenyewe, hasa zile za ngoma ya gungu. Mwaka 2004 kundi la watafiti lilizikusanya na kuzichapisha pamoja. Kwa hiyo Liyongo ana sura tatu katika fasihi: ni shujaa wa mighani, ni mhusika mkuu wa utendi, na ni mshairi anayehusishwa na tungo. Mtahiniwa akiulizwa, na achunguze anaulizwa kuhusu sura ipi.

Muhtasari wa kisa

Liyongo alikuwa shujaa mrefu, mwenye nguvu na hodari wa kutumia uta. Sultani wa Pate, ambaye masimulizi mengi humwita Daudi Mringwari na kumfanya jamaa wa karibu wa Liyongo, aliwakaribisha Wagala mjini. Wageni waliposikia sifa za Liyongo walitaka kumwona. Sultani akamwita, naye akaitembea safari ya siku nyingi kwa muda mfupi. Alipofika alipiga panda kwa nguvu hata ikapasuka, kisha akatua mzigo wa vyombo ambao watu wengi wasingeweza kuubeba. Wagala walistaajabu, wakaomba awaolee binti yao ili wapate kizazi cha shujaa. Ndoa ikafungwa, na mtoto wa kiume akazaliwa.

Baadaye Sultani alianza kumwogopa. Aliwaahidi fedha wawindaji wa mwituni, Wasanye na Wadahalo, ili wamwue. Wakajifanya rafiki zake, wakapanga kula makoma kwa zamu ya kupanda mtini, wakikusudia kumpiga mishale zamu yake itakapofika. Liyongo hakupanda, aliyaangusha makoma kwa mishale yake. Hila ikashindwa.

Sultani akamtia gerezani. Mama yake Liyongo, Mbwasho, alikuwa akimpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi aitwaye Saada, lakini walinzi walikila kile kizuri. Liyongo akatuma ujumbe kwa njia ya wimbo, mama yake akaoka mkate wa wishwa na ndani yake akaficha tupa. Walinzi waliudharau mkate wa wishwa wakamwachia. Akaomba apigiwe gungu nje ya gereza, na katika kishindo cha ngoma akakata minyororo na kutoka.

Mwisho Sultani akamgeukia mwana wa Liyongo. Akamwahidi kumwoza binti yake na kumpa cheo ikiwa ataijua siri ya baba yake. Kijana akauliza, baba akamjibu ingawa alihisi hatari. Akadungwa usingizini kwa sindano ya shaba. Liyongo akaamka, akatwaa uta wake, akaenda kisimani, akapiga goti huku mshale ukiwa tayari, akafa katika hali hiyo. Watu wa mji waliogopa kuteka maji kwa siku kadhaa, wakidhani yu hai. Mwana naye hakupata aliyoahidiwa, akafa katika fedheha.

Mgogoro wa kiti

Sasa mwongoze mwanafunzi kuuliza: Sultani aliogopa nini? Liyongo hakuwa ameivamia Pate, wala hakuwa ameukaidi mwito. Aliitwa akaja. Tatizo ni kwamba alipofika, watu wote pamoja na wageni walimwona yeye, hawakumwona Sultani.

Tazama tukio la panda. Katika miji ya Waswahili baragumu kubwa, yaani siwa, ilikuwa alama ya enzi. Siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe za ndovu ni miongoni mwa hazina za kihistoria zinazohifadhiwa nchini Kenya. Panda ya Liyongo si siwa ya Sultani, lakini mtu anayefika mlangoni mwa mji akapiga baragumu hata ikapasuka amejitangaza kwa sauti inayouzidi mji. Wasikilizaji wa pwani, ambao walijua nani ana haki ya kupigiwa siwa, hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Tazama pia ndoa. Mji wa pwani ulitegemea bara kwa pembe za ndovu, ngozi, mifugo na usalama wa mashamba. Mapatano na wafugaji wenye nguvu yalikuwa jambo la dola. Wagala walipoomba kizazi kutoka kwa Liyongo badala ya kuomba kwa mwenye kiti, walikuwa wamefanya undugu na mtu asiye mtawala. Mtoto wa ndoa hiyo angekuwa na jamaa mjini na nguvu bara. Sultani aliyekubali ndoa hiyo mbele za wageni ndiye aliyekuja kuitambua hatari yake baadaye.

Zingatia mfululizo wa hila za Sultani. Hatumii jeshi hata mara moja. Kwanza anatumia majirani, wale Wasanye na Wadahalo. Kisha anatumia ngoma na sheria, kumnasa na kumfunga. Mwisho anatumia mtoto. Kila mara anauchukua uhusiano uliopaswa kumlinda Liyongo na kuugeuza silaha: urafiki, sherehe, uzazi. Hili ndilo dhamira kuu ya utendi, nalo lina uzito kuliko habari ya kitovu. Mtawala anayetawala kwa hofu huanza kwa kuharibu yale yanayowaunganisha watu.

Kwa upande wa pili, wanaomwokoa Liyongo ni watu wasio na cheo: mama, kijakazi na wapiga ngoma. Mkate wa wishwa, chakula cha kudharauliwa, ndio uliobeba tupa. Wimbo ndio uliobeba ujumbe. Mtahiniwa anayeandika kuhusu nafasi ya mwanamke katika mighani hii asiishie kwa mke. Mbwasho na Saada ndio wanawake wanaotenda.

Wagala ni akina nani, na tuwafundishe vipi?

Hapa ndipo pagumu kwa darasa la Isiolo. Tunapendekeza mambo matatu.

Kwanza, jina. Mwalimu na aeleze waziwazi kwamba "Wagala" ni jina la zamani walilopewa Waoromo na majirani zao, na kwamba wenyewe hawalikubali kwa kuwa lilibeba dharau. Wanafunzi walitumie pale tu wanapolitaja kama neno la utendi, na katika maelezo yao wenyewe waseme Waoromo. Kadhalika, jina Wasanye limetumiwa pwani kwa jamii za wawindaji, wakiwemo Waata, ambao baadhi yao wameishi miongoni mwa Waborana kwa vizazi vingi. Wao pia wana heshima yao, na hawapaswi kuwa mzaha wa darasa.

Pili, nafasi yao katika kisa. Utendi hauwachori Waoromo kuwa adui. Wao ndio wa kwanza kuona thamani ya Liyongo bila wivu. Walitaka damu yake iendelee kuishi. Sultani alitaka ikome. Mwanafunzi atafute katika matukio yote mahali ambapo Waoromo wanashiriki njama ya kumwua Liyongo. Hatapapata.

Tatu, na hili ni la hatari zaidi, suala la mwana msaliti. Kwa kuwa mwana huyo husomwa kuwa mtoto wa mke wa Kioromo, mwanafunzi mmoja anaweza kuandika kwamba Liyongo alisalitiwa "kwa sababu alioa nje ya kabila". Katika kaunti ambamo Waborana, Waturkana, Wameru, Wasamburu, Wasomali, Wagabra na Wasakuye hukaa dawati moja, hitimisho kama hilo likiachwa litaota mizizi. Basi mwulize mwandishi wa jibu hilo: ni nani aliyetoa rushwa? Ahadi ya binti na cheo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye kasri ya Pate, kwa jamaa wa damu wa Liyongo. Mama wa kijana hatajwi akishauri lolote baya. Kijana alishawishiwa kwa tamaa ya kiti, na tamaa ya kiti haina kabila.

Linganisha na mighani ya Lwanda Magere wa Waluo, ambayo wanafunzi wengi wanaijua. Huko mke aliyetolewa na maadui ndiye anayeigundua siri ya kivuli na kuipeleka kwao. Kwa Liyongo mke wa ugenini hatoi siri. Mighani mbili zina motifu moja ya udhaifu uliofichwa, lakini zinatofautiana katika kuonyesha hatari inatoka wapi: moja inaielekeza nje, nyingine inaielekeza ndani ya ukoo. Mtahiniwa anayeiona tofauti hiyo atapata alama ambazo mwenziwe aliyetaja "usaliti" tu hatazipata.

Mkoma na kisima

Vifaa vya kufundishia somo hili tunavyo Isiolo. Mkoma unaotajwa katika utendi humea kando ya Ewaso Nyiro, katika mbuga ya Buffalo Springs na viunga vyake. Mwanafunzi aliyeuona mti huo, shina lake refu linalogawanyika matawi na matunda yake magumu yaliyo juu kabisa, anafahamu mara moja kwa nini mtu aliyepanda hawezi kujikinga. Mikono imeshika mti, uta uko chini. Hila ya wawindaji ilikuwa ya watu wanaoujua mti. Jibu la Liyongo nalo lilikuwa la mtu anayezijua silaha zake.

Muhimu zaidi ni kisima. Wahakiki wengi huliona pozi la Liyongo kisimani kuwa ishara ya ushujaa unaodumu hata katika kifo. Ni kweli, lakini darasa la Isiolo linaweza kuona zaidi ya hapo. Katika nchi ya ukame kisima ni utawala. Miongoni mwa Waborana, abba herega ndiye anayesimamia zamu za kunywesha mifugo, na mtu hateki atakavyo. Basi mwulize mwanafunzi: mtu akiketi kisimani na mshale mkononi, amekamata nini? Atakujibu kwamba ameukamata mji mzima. Liyongo aliyenyimwa kiti alipofikwa na mauti hakwenda kwenye kasri kulipiza kisasi; alikwenda mahali ambapo kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, lazima ipite. Kwa siku zile chache maiti ilitawala Pate, na Sultani mwenye walinzi hakuweza kuwapa watu wake maji. Kejeli ya tukio hili ni kali, na ndicho kilele halisi cha kisa.

Mfano kutoka Wales

Visa vya namna hii haviko kwetu pekee. Nchini Wales, magharibi mwa Uingereza, alikuwako mtawala aitwaye Llywelyn ap Gruffudd. Mwaka 1267 mfalme Henry III alimtambua kwa mkataba kuwa mtawala wa Wales. Mwaka 1274 ndugu yake mwenyewe, Dafydd, alishiriki njama ya kumwua, njama iliyofichuka. Llywelyn aliuawa tarehe 11 Desemba 1282 katika vita dhidi ya mfalme Edward I, na kichwa chake kikapelekwa London. Mwaka 1301 Edward akampa mwanawe mwenyewe cheo cha mtawala wa Wales. Watunzi wa Kiwelisi waliomboleza kifo cha Llywelyn kwa tungo ambazo zingali zikisomwa. Mashuhuri kati yao ni Gruffudd ab yr Ynad Coch. Baadaye Owain Glyndŵr aliongoza uasi ulioanza mwaka 1400, kisha akatoweka, na kaburi lake halijulikani kwa yakini.

Mfano huu una faida mbili kwa mtahiniwa. Kwanza, unaonyesha kwamba ukoo wa kitawala ukigawanyika, hatari kubwa hutoka kwa jamaa. Pili, unafafanua tofauti kati ya historia na mighani. Habari za Llywelyn zinaweza kupimwa kwa mikataba na barua zilizobaki. Tungo za maombolezo zinakaa kando ya maandishi hayo. Kwa Liyongo hatuna mkataba wala barua. Utendi, tumbuizo na masimulizi ndiyo kumbukumbu yenyewe. Ndiyo maana kazi ya mhakiki wa Liyongo ni nzito zaidi: hana budi kuusoma utendi kwa makini, kwa kuwa hana mahali pengine pa kukimbilia.

Ni nani aliyeacha urithi?

Ukoo wa Nabahani wa Pate ulidumu kwa muda mrefu, lakini nguvu zake ziliporomoka katika karne ya 19 kutokana na vita na Lamu na kuingiliwa na masultani wa Unguja. Wazawa wake walihamia Witu barani, na mwaka 1890 majeshi ya Waingereza yaliuteketeza mji huo. Kijumwa alipoandika utendi wake mwaka 1913, pwani ilikuwa chini ya Waingereza na kiti cha Pate hakikuwa na amri tena. Kile ambacho Sultani alikitetea kwa kuua kilikuwa kimetoweka. Kilichosalia ni sifa za yule aliyeuawa, zikiandikwa kwa hati nzuri na kuimbwa arusini.

Hapa pana fundisho kuhusu fasihi yenyewe. Mtawala anaweza kuamuru mtu auawe, lakini hawezi kuamuru watu waimbe nini miaka mia baada yake. Walioihifadhi habari ya Liyongo ni wapiga gungu, akina mama na malenga. Ndio watu wale wale wasio na cheo waliomtoa gerezani ndani ya kisa.

Namna ya kulijibu swali

Tuseme umepewa swali hili: "Sindano haikuwa chanzo cha kifo cha Fumo Liyongo." Jadili. (alama 20)

Usianze kwa kusimulia kisa. Mtahini anakijua. Anza kwa kuonyesha msimamo wako: kwamba sindano ni njia, na chanzo ni hofu ya Sultani juu ya kiti chake. Kisha toa hoja, kila hoja na tukio lake:

1. Wivu wa mwenye kiti: Wagala wanastaajabia Liyongo mbele ya Sultani.
2. Ndoa inayompa Liyongo nguvu za bara.
3. Matumizi ya majirani: njama ya mkoma.
4. Matumizi ya gereza dhidi ya mtu asiye na hatia.
5. Ahadi za uongo kwa kijana: binti na cheo.
6. Tamaa ya mwana, ambaye aliuza siri ya baba.
7. Udhaifu wa Liyongo mwenyewe: alihisi hatari, bado akaitoa siri.

Usiisahau hoja ya saba. Shujaa wa mighani ana kasoro, na kumsifu tu si kuhakiki. Liyongo aliyatambua makusudi ya mwanawe, lakini upendo wa mzazi au uchovu wa kukimbizwa ulimfanya aseme. Malizia kwa kurejelea kisima: hata baada ya sindano kufanya kazi yake, hofu ya Sultani na mji haikuisha.

Maswali ya marudio

1. Eleza sifa nne za mighani ukirejelea kisa cha Fumo Liyongo.
2. Linganisha na utofautishe usaliti katika kisa cha Liyongo na kile cha Lwanda Magere.
3. Fafanua umuhimu wa panda, mkate wa wishwa na kisima kama ishara.
4. Wagala wana mchango gani katika kuujenga mgogoro wa utendi? Jadili bila kurudia majina ya dharau.
5. Kusanya kutoka kwa wazee wa kijiji chako kisa kimoja cha shujaa aliyeogopwa na watu wake. Onyesha mambo mawili yanayokiunganisha na kisa cha Liyongo.

Swali la tano lisichukuliwe kuwa nyongeza. Wazee wa Garbatulla, Merti, Oldonyiro na Kinna wana visa ambavyo havijaandikwa. Mwanafunzi anayevileta darasani atagundua kwamba nchi yake nayo ina mashujaa wake, na atausoma Utendi wa Fumo Liyongo kama mtu mwenye cha kulinganisha. Mwalimu na ampe daftari la kuviandikia, ataje jina la msimulizi kwa idhini yake, na nakala moja ibaki katika maktaba ya shule.